Majoka, majini na nyumba ya mtini: kumchagulia mtoto wa Lamu kitabu cha ajabu chenye michoro na kicheko

Vitabu vitano vimewekwa hapa kwenye mizani moja. Vyote ni vya safari za ajabu, na vyote vyaweza kumfaa mtoto wa miaka 8 hadi 12. Vitatu ni vya Kiingereza: How to Train Your Dragon cha Cressida Cowell, The 13-Storey Treehouse cha Andy Griffiths na Terry Denton, na Bone cha Jeff Smith. Viwili ni vya Kiswahili: Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, na Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, ambacho Ida Hadjivayanis alikitafsiri kutoka kwa Lewis Carroll. Baada ya hivyo kuna njia ya kuchapa vijitabu wenyewe, nayo itawafaa zaidi walimu.

Kitabu cha aina hii kwa kawaida huagizwa Mombasa au Nairobi, kikateremshwa Mokowe, kikavushwa kwa boti. Kikifika ukaona sicho, kukirudisha ni nauli juu ya nauli. Kwa hiyo ulinganisho huu unaingia ndani kuliko jalada: nani anachekesha kwa njia gani, mtoto atakwama wapi, mzazi atashtuka wapi, na karatasi yenyewe itavumilia vipi hewa ya chumvi. Kabla ya kuagiza chochote, pita kwenye maktaba iliyo ndani ya Ngome ya Lamu uulize kama kuna nakala ya kuonja.

Tazama mchoro unafanya kazi gani

Fungua kurasa tatu popote kitabuni. Ziba maneno kwa kiganja, utazame picha peke yake. Kisha ziba picha, usome maneno. Ukipata habari ileile mara mbili, mchoro huo ni pambo, na mtoto mvivu wa kusoma ataruka maneno kwa sababu picha imeshamwambia kila kitu. Ukikuta maneno yanajigamba na picha inaumbua, au picha inaonyesha jambo ambalo msimulizi amelinyamazia, hapo ndipo kicheko kilipo. Mtoto hawezi kukipata bila kusoma, na hilo ndilo linalomfanya asome. Kitabu cha vichekesho ambacho picha zake hurudia maneno tu, hata kama ni nzuri na za rangi, hakistahili nauli ya kutoka Nairobi.

Kipimo cha pili ni cha lugha. Mwambie mtoto afungue ukurasa wa katikati, si wa kwanza, maana waandishi huulainisha ukurasa wa kwanza. Asome kwa sauti, akunje kidole kimoja kila akikutana na neno asilolijua. Vidole viwili au vitatu ni sawa kabisa: atajifunza kitu na hatachoka. Mkono mzima ukikunjwa kabla ukurasa haujaisha, kitabu hicho asomewe na mkubwa, au kingoje mwaka. Kwa vibonzo kipimo hiki hakisemi kitu, kwa kuwa ukurasa wote waweza kuwa na maneno thelathini na picha ikayafafanua. Huko mwache asome kurasa mbili, funga kitabu, kisha akusimulie yaliyotokea. Akiweza kueleza kwa nini mhusika alifanya alichofanya, amekielewa.

Umri ulioandikwa nyuma ya jalada la kitabu cha Kiingereza umekadiriwa kwa mtoto anayezungumza Kiingereza nyumbani. Mtoto wa Mkomani au Langoni anazungumza Kiamu nyumbani, Kiswahili sanifu na Kiingereza shuleni, na anasoma Kiarabu chuoni, yaani madrasa. Kiingereza kwake ni lugha ya tatu, pengine ya nne. Ongeza mwaka mmoja au miwili juu ya umri wa jalada, na usione haya kufanya hivyo. Vichekesho ni kitu cha mwisho kueleweka katika lugha ngeni, kwa sababu vinategemea kujua kwanza lililo la kawaida ndipo ucheke lisilo la kawaida.

Nyumba ya mtini mbele ya joka

Hivi viwili ndivyo vinavyochanganywa zaidi na wazazi. Vyote vina kurasa zaidi ya 200, vyote vina michoro ya wino mweusi, na vyote ni mwanzo wa mfululizo mrefu. Ndani vinatofautiana sana.

The 13-Storey Treehouse kilitoka Australia mwaka 2011. Griffiths ameandika, Denton amechora, na wote wawili ndio wahusika: Andy na Terry wanaishi katika nyumba ya orofa 13 juu ya mti, na wamechelewa kumpelekea mchapishaji kitabu walichomwahidi. Mambo yanayowachelewesha ndiyo yanayokuwa kitabu. Mapema kabisa Terry anampaka paka rangi ya manjano ili awe ndege, na paka anaota mabawa akaruka. Karibu kila ukurasa una mchoro, na kurasa nyingi zina mistari michache tu. Sentensi ni fupi, msamiati ni wa kila siku, na vituko hurudiwa mara tatu nne hadi mtoto avitabirie kabla havijafika. Kwa msomaji wa lugha ya tatu kurudia huku ni msaada mkubwa: neno analoliona mara ya kwanza kwa shida, mara ya nne analisoma akicheka.

How to Train Your Dragon kilitoka Uingereza mwaka 2003. Cowell ameandika na kuchora mwenyewe, kwa mistari ya kukwaruza yenye madoa ya wino, kana kwamba ni daftari la mtoto mhusika. Mhusika huyo ni Hiccup, mwana wa mkuu wa kabila la Viking, mabaharia wa kale wa kaskazini mwa Ulaya, katika kisiwa cha Berk. Kila mvulana wa kabila sharti akamate joka na kulifundisha. Hiccup anapata joka dogo, bishi, lisilo na meno hata moja, jina lake Toothless. Katikati ya hadithi kuna kurasa za maelezo ya kila aina ya joka, mfano wa daftari la mtafiti: rangi yake, silaha zake, kasi yake, na alama za kutisha kwake. Kurasa hizo ndizo watoto wanaopenda orodha na takwimu huzirudia tena na tena, hata kabla ya kusoma hadithi.

Kwa mtoto wa kisiwani, kisa hiki kina mlango uliokwisha kufunguliwa. Ni habari za watu wa visiwa, wa vyombo vya tanga, wa dhoruba na wa bahari inayoleta heri na shari. Atakachokosa ni baridi na theluji, na hivyo vinaelezeka kwa dakika mbili. Tena, mtoto aliyesimuliwa Fumo Liyongo anajua shujaa wa pwani alivyo: jitu la vita, lisilouawa ila kwa sindano ya shaba kitovuni, linalotoroka gerezani kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate. Hiccup ni kinyume chake, mdogo, dhaifu, asiyetegemewa na yeyote, anayeshinda kwa kuwa ndiye peke yake aliyejishughulisha kujifunza lugha ya majoka. Kuwaweka wawili hawa mbele ya mtoto na kumuuliza nani shujaa zaidi ni mazungumzo ya jioni nzima.

Ila kitabu cha joka kina mitego yake. Wa kwanza ni mwandiko. Baadhi ya sehemu zimechapwa kwa herufi za kuiga mkono wa mtoto, zilizopinda na kuungana. Mtoto anayesoma Kiingereza cha chapa ya kawaida bila taabu anaweza kukwama hapo kana kwamba hajui kusoma. Kaa naye kwa kurasa hizo chache za mwanzo, umsomee wewe. Mtego wa pili ni majina: mengi ni mzaha au tusi la kuchekesha la Kiingereza. Asipoyaelewa hapotezi hadithi, lakini anapoteza robo ya kicheko. Wa tatu ni filamu. Katika filamu ya mwaka 2010, Toothless ni joka jeusi, kubwa, la kupandwa. Katika kitabu ni joka dogo la kijani, la kawaida kabisa, na mkaidi. Mtoto aliyeiona filamu kwanza huudhika kwa kurasa ishirini, akidhani ameuziwa kitu bandia. Mwambie mapema.

Na kweli kuna vya kuchanganya sokoni, kwa sababu filamu nayo ilizaa vitabu vyake vyenye jina lilelile na picha za kompyuta. Angalia jina la Cressida Cowell juu ya jalada. Lisipokuwepo, hicho ni kitabu cha filamu, chembamba na chenye hadithi nyepesi. Kwa upande wa nyumba ya mtini, toleo la Marekani huandika neno la orofa bila herufi e, The 13-Story Treehouse. La Australia na Uingereza huandika Storey. Ni kitabu kilekile. Wanunuzi wa vitabu vya mitumba huletewa vyote viwili wakidhani ni viwili.

Mpangilio pia ni wa kuzingatia kabla ya kutoa pesa. Nyumba ya mtini ina vitabu 13, kila kimoja kikiongeza orofa 13, hadi orofa 169 mwaka 2023. Waweza kuanza na chochote, ukakosa vitatu, ukarudi nyuma, hakuna kinachoharibika. Joka lina vitabu 12 vilivyokamilika mwaka 2015. Vya mwanzo kila kimoja kina kisa kinachofika mwisho, lakini vinne vya mwisho ni kisa kimoja kirefu, na ndani yake kuna vita, vifo na huzuni ya kweli. Mtoto wa miaka 8 aliyefurahia cha kwanza asisukumwe hadi cha kumi ndani ya likizo moja. Kitabu kinakua pamoja na msomaji, nacho kinahitaji miaka miwili mitatu ya kukua naye.

Kuhusu adabu: vyote viwili vina mzaha wa makamasi, kubeuana na harufu mbaya. Nyumba ya mtini inauzidisha. Nyumba nyingine hazina tabu na mzaha huo, nyingine haziutaki mezani, na mzazi anajua nyumba yake. Katika kitabu cha joka miungu ya kale ya Waviking hutajwa kwa viapo. Hakuna mafundisho ya ibada ndani yake, ila mtoto ataulizia, na ni vyema mkubwa awe na jibu.

Kwa uamuzi wangu, mtoto ambaye hajawahi kumaliza kitabu kizima cha Kiingereza aanze na nyumba ya mtini. Kufunga kitabu cha kurasa zaidi ya 200 na kusema nimekimaliza kunampa nguvu ambayo hakuna zoezi la darasani linaloweza kumpa. Lakini kati ya hivyo viwili, kitakachokaa moyoni mwake hadi ukubwani ni cha joka, na ndicho cha kumlenga.

Bone: vibonzo tangu mwanzo hadi mwisho

Bone hakina aya hata moja. Ni vibonzo vitupu. Jeff Smith, Mmarekani, alikitoa kidogo kidogo kwa matoleo 55 ya rangi nyeusi na nyeupe kati ya 1991 na 2004. Baadaye kilikusanywa kwa ajili ya watoto katika juzuu 9 za rangi zilizoanza kutoka 2005, na pia kuna kitabu kimoja kinene cha kurasa zaidi ya 1,300 chenye hadithi nzima bila rangi. Binamu watatu weupe wasio na nywele wanafukuzwa mjini kwao kwa sababu ya ulaghai wa mmoja wao, wanapotea jangwani, na kuangukia bonde lenye binti mkulima, bibi anayeshindana mbio na ng'ombe, joka linalovuta sigara, na majitu ya panya yenye manyoya.

Kwa ustadi wa kuchekesha kwa mchoro, hiki kinavizidi vingine vyote vilivyotajwa hapa. Majitu mawili ya panya yanagombana jinsi ya kumpika Fone Bone, mmoja wa binamu hao: moja linataka apikwe ndani ya pai ya mayai, lingine linaona ni aibu kwa zimwi zima kula chakula laini namna hiyo. Majira ya baridi yanaingia bondeni kwa theluji yote kudondoka mara moja, kishindo kimoja, ndani ya fremu moja. Huhitaji Kiingereza kikubwa kucheka hapo. Ndiyo maana Bone kinamfaa hata mtoto ambaye kipimo cha vidole kimemshinda kwenye vitabu vingine: uso wa mhusika unamwambia kama kiputo cha maneno kina hasira, woga au uongo, na maana ya maneno anaikisia kutoka hapo.

Mtoto anayetoka chuoni kusoma kutoka kulia kwenda kushoto anaweza kuanza fremu ya kulia. Kwa kurasa tatu nne za mwanzo fuata naye kwa kidole: mstari wa juu kwanza, kushoto kwenda kulia, na ndani ya fremu kiputo cha juu kabla ya cha chini. Akizoea hasahau. Vibonzo vya Kijapani, hata vikitafsiriwa kwa Kiingereza, mara nyingi husomwa kulia kwenda kushoto, na huko mtoto wa chuo hujikuta yuko nyumbani. Usimchanganyie aina hizo mbili wiki moja.

Mzazi ajue haya kabla ya kununua. Kuna baa bondeni na pombe huuzwa. Mmoja wa binamu anavuta sigara. Mashindano ya mbio za ng'ombe katika juzuu ya pili yamejengwa juu ya kamari na udanganyifu, ingawa mdanganyifu anaumbuka vibaya. Na baada ya juzuu ya tatu hadithi inazidi kuwa nzito: ndoto za kutisha, jeshi, na adui anayeitwa Bwana wa Nzige. Mtoto wa miaka 8 mwenye usingizi mwepesi aishie juzuu ya tatu kwanza. Wa miaka 11 atazimeza zote tisa.

Mpangilio hapa hauna msamaha. Juzuu ya 1 ni Out from Boneville, ya 2 The Great Cow Race, ya 3 Eyes of the Storm, ya 4 The Dragonslayer, ya 5 Rock Jaw, ya 6 Old Man's Cave, ya 7 Ghost Circles, ya 8 Treasure Hunters, ya 9 Crown of Horns. Kuna vitabu vingine vyenye jina la Bone, kama Rose na Tall Tales, ambavyo viko nje ya hizo tisa. Ukipewa juzuu ya 6 kwa bei ya kutupa na huna ya 1, iache, au inunue uifiche.

Vya Kiswahili

Adili na Nduguze kilitoka 1952, na hakitegemei picha. Kimeingia hapa kwa sababu ni safari ya ajabu yenye nguvu ambayo mtoto wa pwani anaweza kuipokea kwa lugha yake. Adili ni liwali wa Janibu. Kila usiku anawapiga nyani wawili kwa amri aliyopewa, huku moyo ukimuuma. Nyani hao ni nduguze, Hasidi na Mwivu. Mtoto atauliza kwa nini, na kitabu kizima ndicho jibu: nyoka aliyeokolewa akawa jini, jina lake Huria, mji ambao watu wake wamegeuka mawe, amesalia binti mmoja, Mwelekevu, ndugu waliomtosa mwenzao baharini kwa husuda. Mtoto aliyekwisha tembea magofu ya Takwa kisiwani Manda, akaona msikiti na nyumba zilizobaki bila watu, ataujenga mji huo wa mawe kichwani bila mchoraji.

Kicheko ni haba. Sentensi za Shaaban Robert ni ndefu na zimejaa hekima, na mtoto wa miaka 9 akiachwa nazo peke yake atazama. Dawa yake ni sauti ya mkubwa: kurasa tano au sita kwa usiku, baada ya isha, ukisimama pale palipo na swali. Mapigo ya nyani huwaumiza watoto wengine, kwa hiyo waambie tangu mwanzo kwamba kuna sababu na kwamba mambo yatatengenea. Baada ya usiku wa tatu, mpe mtoto penseli na karatasi achore alichosikia. Hapo ukosefu wa picha unageuka kuwa faida, kwa sababu kitabu kinachorwa na msomaji.

Alisi ana kicheko tele, lakini cha namna nyingine. Msichana anaanguka katika shimo la sungura, anakua na kupungua kwa kula na kunywa, anakutana na malkia anayeagiza kila mtu akatwe kichwa wala hakuna anayekatwa. Vichekesho vyote ni vya mantiki iliyopinduliwa: watu wazima wenye kujiona, wanaotoa hoja zisizo na kichwa wala mguu kwa uso mkavu. Mtoto wa miaka 8 aghalabu huona fujo tu. Wa miaka 11 huwaona watu anaowajua. Kina sura 12, na karibu kila sura ni kisa kinachosimama peke yake, basi chafaa likizo ya Agosti kwa sura moja kwa siku, hata kwa mtoto anayekatizwa na kazi za nyumbani.

Kitabu cha Carroll kilitoka 1865 kikiwa na michoro 42 ya John Tenniel, na michoro hiyo ndiyo nusu ya kitabu. Kabla ya kununua toleo lolote, la Kiswahili au la Kiingereza, muulize muuzaji akupigie picha ya kurasa mbili za ndani akutumie kwa simu, uone kama michoro imo na kama imechapwa safi. Matoleo ya bei rahisi ya kitabu hiki cha zamani huondoa picha kabisa, au huzichapa zikawa madoa. Tafsiri ya Hadjivayanis ni ya 2015. Iko nyingine ya 1940, Elisi katika Nchi ya Ajabu. Ukiipata ni ya kuhifadhi, Kiswahili chake kimekaa kizamani kwa msomaji wa leo.

Anayetaka kicheko tu kwa Kiswahili, bila majoka wala majini, asisahau hekaya za Abunuwasi. Ni fupi, mtoto huzimaliza kwa kikao kimoja, na hurudi kuwasimulia wenziwe barazani, jambo ambalo hakuna kitabu cha Kiingereza kati ya hivi kinachoweza kulifanya kwa urahisi huo.

Karatasi, gundi na hewa ya Lamu

Kitabu kinachodumu miaka kumi Nairobi chaweza kufa hapa kwa miwili. Koga huota hewa inapokaa na unyevu wa zaidi ya asilimia 65 hadi 70, na wakati wa masika hali hiyo ni ya kila siku. Chagua ukijua hilo.

Kitabu cha gundi, kama yalivyo matoleo mengi ya jalada laini ya joka na nyumba ya mtini, hupasuka mgongoni kikifunguliwa kwa nguvu kikiwa kipya. Kizoeshe: kilaze kwa mgongo, fungua kurasa kumi za mwanzo na kumi za mwisho, zipapase taratibu kwa kidole, kisha kumi nyingine kila upande, hadi ufike katikati. Dakika tano hizo huongeza umri wake sana. Kile kinene cha Bone kimoja ndicho kinachoteseka zaidi, kwa kuwa uzito wa kurasa 1,300 huvuta gundi kila mtoto anapokisoma akiwa amelala chali. Kwa nyumba yenye watoto wengi, juzuu tisa nyembamba zinashinda.

Lakini juzuu za rangi zina karatasi laini ya kung'aa, na karatasi hiyo ikilowa hushikana. Ikishakauka imeshikana haina dawa tena. Ukivuta, picha inabanduka. Kikidondoka majini au kikanyeshewa kwenye boti, usikifunge. Kabla hakijakauka tenganisha kurasa moja moja, weka karatasi nyeupe isiyo na maandishi kila baada ya kurasa mbili tatu, kisimamishe wima kimefunguka kama kipepeo mbele ya feni, ubadilishe karatasi zikilowa. Usikianike juani: jalada hupinda na rangi hupauka. Karatasi ya kawaida isiyong'aa, ile ya vitabu vyeusi na vyeupe, ikilowa hujikunja lakini husomeka.

Zidaka za nyumba za kale zinapendeza kuwekea vitabu, ila ukuta wa mawe na chokaa hutoa unyevu. Weka ubao mwembamba nyuma, vitabu visigusane na ukuta, viachiwe nafasi ya vidole viwili vya hewa. Mara moja kwa wiki vitoe, uvipepee kurasa. Mende hula gundi ya mgongo na jalada la kitambaa, basi usiweke vitabu karibu na jikoni, wala usivifungie ndani ya mfuko wa plastiki ukidhani umevilinda. Plastiki hufungia unyevu ndani, na koga huota upesi zaidi.

Kuchapa wenyewe

African Storybook na StoryWeaver hutoa hadithi zenye michoro, za Kiswahili zikiwemo, kwa leseni inayoruhusu kuchapa bure. Nyingi ni za wanaoanza kusoma. Kwa umri huu tafuta ngazi ya 4 ya StoryWeaver, ya wasomaji wanaojimudu, au ngazi za juu za African Storybook. Hazina urefu wa safari ya joka, lakini darasa la watoto 40 linaweza kupata kila mtoto chake kwa gharama ya karatasi. Usiondoe ukurasa wenye majina ya mwandishi, mchoraji na leseni. Hilo ndilo sharti. Na soma leseni kabla ya kufikiria kuuza, kwani baadhi zinakataza biashara.

Chapa kwa A4 iliyokunjwa kuwa A5. Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4, kwa hiyo hadithi ya kurasa 14 ongeza mbili tupu zifike 16, ambazo ni karatasi nne. Kwenye saiba waambie wachague mpangilio wa kijitabu, pande zote mbili, kugeuza kwa upande mfupi. Wakigeuza kwa upande mrefu, nusu ya kurasa zitatoka kichwa chini, na hilo ndilo kosa linaloteketeza karatasi nyingi kuliko jingine lolote. Chapeni kimoja, kikunjeni, kisomeni chote, ndipo mchape vingine.

Usibane kwa pini za stepla. Kwa hewa hii huota kutu, kutu inakula karatasi, na ukurasa wa katikati unachomoka. Shona kwa uzi. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo kwa msharasi: moja katikati, mawili sentimita 4 kutoka kila ncha. Uzi wa pamba wenye urefu wa mara mbili na nusu ya mgongo, yaani kama sentimita 53 kwa A5, unatosha. Ingiza sindano kutoka ndani kupitia tundu la katikati, ukiacha ncha ya kufungia. Rudi ndani kwa tundu la juu, shuka kwa ndani hadi tundu la chini utokee nje, kisha urudi ndani kwa la katikati. Ncha mbili zikae pande mbili za uzi mrefu wa ndani, ndipo ufunge fundo. Zikiwa upande mmoja fundo huteleza na kijitabu hulegea.

Mkifika kununua

Kwa mtoto mmoja mwenye Kiingereza cha kusitasita, na pesa za kitabu kimoja, chukua nyumba ya mtini. Kwa yule anayesoma vizuri na kupenda bahari, chukua joka. Anayechora kila daftari hadi jalada la hesabu apewe Bone juzuu ya 1, na mzazi ajue kwamba ile ya 2 inakuja. Kwa nyumba ambayo mkubwa yuko tayari kusoma usiku, Adili, bila kusita, na Alisi mwaka unaofuata.

Kwa maktaba ya darasa hesabu inabadilika. Nyumba ya mtini nunua vitabu vinne tofauti, nakala moja moja, kwa sababu havitegemeani na watoto watabadilishana. Bone nunua juzuu ya 1 nakala tatu kabla ya kununua ya 4, la sivyo darasa zima litasimama likimngoja mmoja. Andika namba ya juzuu kwa maandishi makubwa mgongoni kwa kalamu isiyofutika, juu ya kipande cha plasta nyeupe, na asipewe mtu juzuu ya mbele kabla hajarudisha ya nyuma.